Mawe Safi ya Nyamasenge

Nchi yenyewe ni ndogo. Fungua atlasi ya shule penye ramani ya Ulaya, weka kidole gumba pwani ya kaskazini, na ukucha wako utaiziba yote. Mwalimu Prudencia alipenda kuwapa wanafunzi wake wa kidato cha tatu zoezi hilo. Waligombania atlasi, maana zilikuwa chache kuliko vidole gumba.

"Mmeiziba?"

"Ndiyo mwalimu."

"Imebaki nini?"

"Bahari."

"Basi ondoeni ukucha. Hicho mlichokiziba ndicho kilichoishinda bahari."

Kati ya mada zote za jiografia hakuna aliyoipenda kama Uholanzi. Nchi ya pwani, bapa kama chapati, robo yake nzima iko chini ya usawa wa bahari, na watu wake badala ya kuhama wakajenga kingo za udongo na mawe, wakayasukuma maji nje kwa vinu vya upepo, baadaye kwa pampu, mpaka palipokuwa na samaki pakaota viazi. Ardhi hiyo kitabu kiliiita polda. Watoto wa Ilemela, pale Mwanza, waliozaliwa juu ya majabali ambayo hata mchicha hauoti, walilikariri neno hilo kama jina la mtakatifu.

"Wakazi wake ni watu gani?"

"Wachapakazi, wasafi, wenye nidhamu!"

"Na ile ghuba kubwa iliyozibwa kwa ukuta ikawa ziwa?"

"Bahari ya Kusini!"

Kitabu kilisema ukuta ule ulikamilika mwaka 1932. Baada ya hapo kilihamia kwenye ufugaji wa ng'ombe wa maziwa.

Prudencia alikuwa na stashahada ya ualimu, jiografia na Kiswahili, na hakuona haya kwa lolote kati ya hayo mawili. Mtu aliyeanza na "mimi nilikuwa nataka niseme kwamba" mbele yake alikatizwa: "Sema basi." Aliishi na mama yake, Paskazia, mjane wa Kikerewe, kwenye nyumba ya vyumba viwili juu kidogo ya ziwa. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini miaka yote ile binti alipokuwa akijisomea kwa sauti, yeye alikuwa akichambua dagaa pembeni, na Uholanzi ikawa kama ukoo wa jirani. Binti akirudi kazini aliulizwa:

"Hawajambo Wahoranzi wako? Bado wanarima baharini?"

"Wanalima, mama."

"Wasarimie. Waambie na sisi tunaanika juu ya mawe, wasijione wao tu ndio vichaa."

Kweli walianika juu ya mawe. Mwalo wa Nyamasenge, pale mitumbwi inapopakua samaki, hauna mchanga wa maana. Una majabali mapana yaliyolala yakitazama ziwa, na juu yake wanawake wa pale walianika dagaa tangu zamani. Jua huchoma jiwe, jiwe humchoma dagaa kwa chini, na jioni amekauka bila kuingia punje ya mchanga. Kila jiwe lilikuwa na mwenyewe na lilikuwa na jina. La Paskazia liliitwa Meza. Alilipokea kwa mama mkwe wake, naye alilipokea kwa wifi yake. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Alama ilikuwa ufagio. Mwanamke akimaliza kazi alilifagia jiwe lake, akauchomeka ufagio kwenye ufa, akaenda zake. Jiwe lenye ufagio lina mtu. Hata mlevi hakukaa juu yake.

Miaka hiyo kila kitu mjini kilikuwa kinatafutiwa mwenyewe. Viwanda vilipata wenyewe, maduka ya umma yalipata wenyewe, na ghala la ushirika la pamba pale Nyamasenge lilibaki na popo tu, likisubiri zamu yake. Sangara aliacha kuwa kitoweo akawa bidhaa. Minofu yake iliruka juu ya vichwa vya watu, kwenye ndege zilizofanya mabati yatetemeke, na waliobaki chini waliuziwa mapanki, yaani kichwa, mfupa wa mgongo na mkia, vikaangwe vilivyo. Ulaya haikumtaka dagaa. Kwa sababu hiyo tu dagaa alibaki wa watu wa ziwani, na mawe yakabaki ya wanawake.

Ndipo akaja Venant.

Venant alikuwa afisa uhusiano wa kiwanda kipya cha minofu, kijana wa Bukoba mwenye tai fupi na tabasamu refu. Alifika kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Ndalahwa, akasema kuna mgeni anakuja kutoka kwa wanunuzi wa ng'ambo. Wanunuzi hao wana fedha za kutengeneza mialo. Mgeni atatembelea sehemu kadhaa, na akipendezwa na Nyamasenge, Nyamasenge itatengenezwa.

Ndalahwa akawaita wanawake kwenye ghala la ushirika. Akamwita na Prudencia, maana mgeni angehitaji mkalimani, na Kiingereza cha mwenyekiti kiliishia kwenye "good morning".

"Anatoka nchi gani huyo mgeni?" Prudencia aliuliza.

"Uholanzi," alisema Venant.

Ghala zima lilimgeukia Prudencia. Paskazia akapiga kofi pajani. "Nirisema mimi! Nirisema ipo siku watakuja kutuona!"

"Anaitwa nani?" aliuliza Odeta, mwenye jiwe la jirani na Meza, mwanamke ambaye mdomo wake ulimfukuzia wanaume wawili.

"Bwana Kees."

"Kesi? Nani kashtakiwa?"

Kicheko kilipotulia Venant alieleza kinachotakiwa. Wanunuzi wa Ulaya siku hizi hawataki mchezo na uchafu. Redio imetangaza, magazeti yameandika. Kwa hiyo mwalo uwe safi.

"Usafi wa namna gani?" aliuliza Ndalahwa.

Venant alifungua kinywa, lakini Prudencia alikwishasimama. Hili lilikuwa somo lake. Aliwaeleza kuhusu nchi ambayo madirisha husafishwa kila wiki, ambayo hatua za ngazi ya nje hupigwa deki, ambayo hata zizi la ng'ombe unaweza kulala. Aliwaambia watu wa namna hiyo hawatoi fedha zao mahali penye nzi. Alipendekeza mawe yafagiwe, yaoshwe kwa maji ya ziwa, na siku hiyo pasianikwe kitu.

"Pasianikwe?" Odeta aliinuka. "Ni siku za giza sasa, mwezi hakuna, karabai zinawaka ziwani kila usiku, dagaa wanaingia asubuhi. Tuwapeleke wapi? Tuwarudishe?"

"Siku moja tu, dada Odeta. Tuwaweke humu ghalani, tuwafunike turubai."

"Na mgeni akija aone nini? Makalio yetu?"

"Aone mahali panapofaa kutengenezwa."

"Dagaa wakishinda kwenye turubai wanaoza."

"Wanaoza wa siku moja, wanapona wa miaka yote." Prudencia alimtazama mama yake. Paskazia alikuwa amekunja mkono mmoja kiunoni, pale palipomuuma tangu masika, kwa kuinama juu ya Meza tangu alfajiri hadi jua kuzama. "Mnataka kuinama mpaka lini? Kuna chanja za waya, zinafika kiunoni. Unaanika ukiwa umesimama wima kama mtu. Kuna sakafu ya saruji. Kuna choo. Akipendezwa, tunapata."

Venant hakuongeza neno. Baadaye Prudencia alikumbuka hilo: kwamba hakuongeza neno, na kwamba alikuwa akitabasamu.

"Na mafagio?" mtu aliuliza. "Tuyaache?"

Mzee Ndalahwa alishtuka. "Mgeni umwonyeshe ufagio? Si ndio kumwambia aondoke? Yatoeni yote."

Wakakubaliana. Nani hafagii mgeni akija?

Siku yenyewe dagaa waliingia wengi, kwa ukorofi. Wanawake waliwabeba kwa matenga moja kwa moja kutoka mitumbwini hadi ghalani, wakawafunika, wakafunga mlango. Wakashuka kwenye mawe na ndoo. Walisugua kwa majani ya mipapai, walisugua kwa mchanga waliouchota mbali, mpaka magamba na harufu ya miaka vikatoka na majabali yakawa meupe kama siku yalipoumbwa. Mitumbwi ilipelekwa nyuma ya rasi. Nyavu zilikunjwa. Kisha wakaenda kuoga, wakavaa vitenge vya Krismasi, wakajipanga mistari miwili kwenye kivuli cha kanisa. Waliimba wimbo wa kumpokea askofu, wakabadilisha jina tu.

Bwana Kees alikuwa mzee mrefu mwenye ngozi iliyobabuka, aliyevaa kofia ya majani na viatu vya kawaida kabisa, si vile vya mbao vya kwenye kitabu. Alimpa kila mwanamke mkono. Paskazia alimpigia magoti kidogo, naye akaona haya, akamwinua.

Prudencia alitembea naye kuelekea majini. Venant alikuwa nyuma, akipiga picha. Mawe yalimetameta. Prudencia aliona fahari. Alimwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba yeye hufundisha habari za nchi yake. Akamtajia kingo, vinu vya upepo, polda, ghuba iliyozibwa, aina za udongo, mazao, bandari. Mzee alisimama.

"Yote haya yanafundishwa hapa?"

"Yapo kwenye mtaala."

"Wajukuu zangu hawayajui." Alicheka, na wakaanza tena kutembea. Upepo ukageuka, ukatoka upande wa ghala. Bwana Kees alinyanyua pua. "Ni harufu ya nini hiyo?"

Prudencia aliijua, aliinuka nayo kila asubuhi ya maisha yake na ndiyo iliyomlipia ada. Lakini leo ilikuwa na uchachu kidogo, uchachu wa turubai na jua la saa nne, na mzee huyu alitoka mahali ambapo hata zizi linalalika.

"Ni ziwa," alisema. "Magugu maji yakioza, hutoa harufu."

"Aha." Aliamini. Kwa nini asiamini?

Walifika kwenye Meza. Bwana Kees alivua kofia, akakaa juu yake. Hakuna mtu aliyewahi kulikalia jiwe lile.

"Ile ghuba yenu ya kwenye kitabu," mzee alianza, akitazama maji, "Bahari ya Kusini. Babu yangu alikuwa mvuvi humo. Kijiji chetu chote tulikuwa wavuvi. Siku walipoziba pengo la mwisho bendi ilipiga muziki, mawaziri walihutubia, babu alisimama na wenzake mbali wakitazama. Maji ya chumvi yalipogeuka matamu, samaki wake wakafa au wakaenda. Mashua yake iliozea gatini. Walimpa kazi ya kulinda ghala la viazi, na mpaka anakufa alikuwa akitoka usiku kuangalia upepo unatoka wapi." Akamgeukia. "Kitabu chenu kinasema habari zao?"

"Hapana," alisema Prudencia.

"Vitabu husahau." Alipangusa mkono juu ya jiwe, pale ambapo mikono ya wanawake watatu ilikuwa imelilainisha. "Ndiyo maana kila ninapotumwa kutazama mahali, kwanza nauliza: hapa kuna watu? Maana kiwanda kinataka pwani yote hii, gati lao, barafu yao, uzio wao. Nilikuja na hofu, nikwambie kweli. Lakini nashukuru, mwalimu. Hapa hakuna mtu."

Nyuma yao wanawake walikuwa wakiimba. Prudencia alisikia sauti ya mama yake juu ya nyingine zote, iliyotangulia mdundo kama kawaida.

"Kuna hawa," alisema. "Wanawake hawa."

Mzee alitazama vitenge na vilemba vilivyopangwa kivulini. Alitabasamu kwa wema. "Ndiyo, ndiyo. Kwaya nzuri sana. Bwana Venant ameniambia imetoka mjini."

Sasa angesema. Maneno yalikuwepo, maneno hayakuwahi kumkosa. Lakini kusema hawa ndio wenye mawe ilikuwa ni kusema kwamba harufu ile haikuwa ya ziwa. Ilikuwa ni kumshika mkono mzee huyu msafi, ampeleke ghalani, afunue turubai, amwonyeshe dagaa wakianza kuoza. Ilikuwa ni kusema: tumekuficha ukweli, nami ndiye niliyeagiza. Akawa anatafuta pa kuanzia. Venant akatokea ubavuni na soda mbili zinazotoka jasho.

"Chakula tayari, mgeni asichelewe ndege yake."

Nitasema mezani, Prudencia aliwaza. Mezani kulikuwa na sato, na hotuba ya Mzee Ndalahwa iliyoanzia wakati wa Wajerumani, naye akawa anaitafsiri yote, sentensi baada ya sentensi, hadi ugali ukapoa. Nitasema akiinuka. Alipoinuka wanawake walimzingira wakampa kikapu cha mayai. Gari lilipowashwa Prudencia alilikimbilia, akagonga kioo.

"Bwana Kees! Wale sio kwaya!"

Mzee, ambaye injini ilimziba masikio, alimpungia mkono kwa furaha. Gari likapanda mlima kuelekea uwanjani.

Walipofungua ghala ilibidi wajifunge khanga puani. Dagaa wote walikwenda kwa mtu wa kuku, kwa bei ya kuonea haya. Odeta alimwaga tenga la mwisho akasema, "Haya mwalimu. Tusubiri chanja za kiunoni."

Wakasubiri kwa moyo. Paskazia alirudisha ufagio kwenye ufa wa Meza, akaanika, akainama, na kila akisikia gari alinyanyua kichwa. Prudencia hakumwambia alichokisikia pale juu ya jiwe. Alijiambia kwamba mzee yule ni mtu mwema, atauliza zaidi. Aliandika barua kwa anwani iliyokuwa kwenye kadi ambayo mzee aliiacha mezani. Hakuna jibu.

Mkutano wa hadhara uliitishwa kiangazi. Venant alikuja na maofisa wawili ambao hawakutaja majina, na picha mbili kubwa zilizowekwa kioo. Moja ilikuwa zawadi kwa ofisi ya mtaa: wanawake kivulini, midomo wazi, vitenge vinawaka. Watu walijitafuta na kushangilia. Picha ya pili ilikuwa ya mawe.

"Ndugu wananchi," Venant alisema, "soko huria limebisha hodi Nyamasenge. Kiwanda kinapanua gati. Pwani hii ambayo haikuwa na matumizi sasa itazaa ajira. Nawahakikishia, hakuna anayehamishwa. Mgeni alipita, aliona kwa macho yake, akaandika kwamba eneo ni wazi. Bila hivyo wanunuzi wasingekubali. Wale wana huruma sana na watu."

Kisha Paskazia alisimama.

"Baba, shikamooni wakubwa. Wazi ripi? Mimi nina jiwe pare. Rinaitwa Meza."

"Lipi, mama? Karibu unionyeshe."

Alisogea mbele, akijishika kiuno. Aliweka kidole juu ya kioo. Chini ya kidole palikuwa na jiwe jeupe, pana, tupu, kavu. Halina dagaa, halina mtu, halina ufagio.

"Hiri hapa."

"Hilo ni jabali, mama. Majabali ya Mwanza ni mengi. Alama yako iko wapi?"

"Tuliyatoa mafagio!" Odeta alipiga kelele. "Tuliyatoa kwa sababu ya mgeni wenu!"

Prudencia akasimama. Safari hii hakutafuta pa kuanzia. "Wanawake hawa wameanika hapo tangu kabla ya uhuru. Siku ile waliondoa kila kitu kwa sababu mimi niliwaambia. Dagaa walikuwa ghalani. Niandikeni hivyo, nitaweka sahihi."

Venant alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akawageukia wale maofisa, halafu watu.

"Mwalimu anasema mgeni wa kimataifa alidanganywa. Sasa tuelewane. Ama mlifagia mahali palipo wazi, ama mlificha mali ili mumlaghai mgeni atoe fedha. Nikiandika la pili, atauliza ni nani alimkaribisha, nani alihutubia." Akamtazama Ndalahwa. "Mwenyekiti, niandike lipi?"

Mzee Ndalahwa alikuwa amekaa chini ya picha ya kwaya. Alikuwa mtu mwaminifu. Hilo ndilo lililomponza, na lililowaponza wote. Alisugua magoti yake.

"Yule mzee alikula ugali wetu," alisema polepole. "Alinishukuru kwa mikono miwili. Siwezi kumwandikia kwamba tulimfanyia mchezo. Hatukuwa na nia hiyo. Tulifagia tu."

"Basi nimeandika: walifagia tu."

"Mwenyekiti!" Odeta alilia. "Unatuuza kwa adabu?"

Watu walitazama chini, na Prudencia aliona kitu ambacho hakijaandikwa kwenye kitabu chochote cha jiografia: walikuwa tayari kupoteza ziwa kuliko kuitwa watu waliomdanganya mgeni. Hata mama yake. Paskazia aliutoa mkono kwenye kioo, akakipangusa kwa khanga pale kidole kilipoacha alama, kioo kibaki safi, akarudi kukaa.

Uzio ulipanda kabla ya mvua. Waya wa miiba ulipita juu ya mawe, na tingatinga likalivunja Meza kupata kokoto za gati. Kabla ya hapo wanawake waliruhusiwa kuja kutoa mafagio yao. Hilo Venant alilisimamia mwenyewe, akawasaidia hata kubeba.

Odeta alihamia Buhongwa kwa dada yake, kulima. Waliobaki, na Paskazia mmoja wao, walikwenda kupanga foleni kwenye lango la nyuma la kiwanda kununua mapanki. Alikaanga uani kwenye pipa lililokatwa, moshi ukamwingia machoni, na sasa alikaanga amesimama wima, pipa lilimfika kiunoni kabisa.

Shuleni mada ilirudi. Prudencia aliwafikisha wanafunzi hadi kwenye ukuta wa 1932, akaacha kitabu. Akawaambia kwamba kulikuwa na wavuvi ndani ya ghuba ile, kwamba walisimama mbali siku bendi ilipopiga, kwamba mashua zao zilioza. Akaandika ubaoni: WALIKUWEPO WATU.

Mkono uliinuliwa nyuma. "Mwalimu, hiyo inatoka kwenye mtihani?"

"Haitoki."

Kalamu zikawekwa chini. Hakuwakasirikia. Alichukua kifutio, akafuta ubao, na akaufuta vizuri mpaka pembeni.

Jumamosi moja aliamka akasikia uani kunafagiwa. Kulikuwa bado hakujapambazuka sawasawa. Mama yake alikuwa ameinama na ufagio ule wa kwenye ufa, akifagia ardhi aliyokuwa ameifagia jana jioni na ambayo haikuwa na jani. Mgongo ulikuwa ukimkatalia, alisimama kila baada ya mapigo machache akahema.

"Mama, acha. Ni safi."

Paskazia aliendelea kufagia.

"Mama, nimekuomba. Uuhurumie huo mgongo. Hapa hapana uchafu wowote."

Ndipo mama yake akanyooka, pole pole, akamtazama bila hasira. Ingekuwa hasira Prudencia angejua la kusema. Mama alimsogelea, akamtia ufagio mkononi, akavikunja vidole vya binti yake kimoja kimoja juu ya mpini.

"Fagia wewe, mwarimu," alisema. "Huenda akaja mgeni."